Maswali yenu kuhusu bunduki: leseni ni ya mtu ama ni ya chuma?

Wiki iliyopita niligusia kwa mistari miwili tu kwamba kule walikokaza leseni za bunduki wamezika watu wachache, basi simu yangu haijapumzika. Wengine mmenitukana kwa Kiganda, wengine kwa Kiswahili cha kambini ambacho siwezi kukiandika hapa mama yangu akasoma. Nimechagua maswali sita. Mengine nayajibu kwa kirefu mengine kwa haraka, msinihesabie mistari.

"Nijibu ndiyo au hapana: sheria kali ya leseni inapunguza vifo ama ni porojo za wazungu?" Msomaji, Mbale

Ndiyo. Lakini usikimbie na hilo jibu kaka, ngoja kwanza nikwambie ni leseni ya namna gani, maana hapo ndipo watu wanachanganya.

Ushahidi mwingi uko Marekani kwa sababu kule kila jimbo lina sheria yake, hili linakaza lile linalegeza, ni kama majirani wawili mmoja anafunga geti usiku na mwingine anaacha wazi, baada ya mwaka unakwenda kuhesabu kuku wa nani wamebaki. Jimbo la Connecticut mwaka 1995 lilisema ukitaka bastola kwanza uende mwenyewe kwa polisi, uwekwe alama za vidole, uchunguzwe, usomee usalama wa silaha, upewe kibali, ndio sasa uende dukani. Watafiti walipolinganisha na majimbo yanayofanana nalo wakakuta kwenye miaka 10 ya kwanza mauaji ya bunduki yalikuwa chini kwa kama asilimia 40 kuliko vile yangekuwa bila hiyo sheria. Hesabu ya baadaye iliyochukua miaka mingi zaidi ikashusha hiyo namba mpaka kama asilimia 28. Missouri wao wakafanya kinyume, walikuwa na kibali kama hicho wakakifuta mwaka 2007, na mauaji ya bunduki yakapanda, makadirio ya kwanza yalisema karibu robo, ya baadaye yakasema karibu nusu.

Unaona namba zinavyocheza? Haya ni makadirio, si mizani ya nyama, na miaka hiyo ya 90 mauaji yalikuwa yanashuka karibu Marekani yote, ndio maana lazima ulinganishe na jirani usijisifu peke yako. Lakini mwelekeo ni uleule kila wanaporudia hesabu.

Sasa angalia California. Wao tangu 1991 walisema kila anayenunua, hata akinunua kwa mtu binafsi, jina lake liangaliwe kwenye rekodi kwanza. Watafiti wakachimba miaka 10, hawakuona mabadiliko ya maana. Kwa nini? Wengi wanaosoma hizi habari wanasema ni hivi: jina kuangaliwa kwenye kompyuta ya dukani ni jambo la dakika chache, mtu mwenye rekodi chafu anamtuma mpenzi wake au binamu yake akamnunulie, mchezo umeisha. Lakini wewe mtume binamu yako akakae mbele ya afande, aweke vidole kwenye wino na aulizwe bunduki unataka ya kazi gani, utaona kama hajakumbuka ana msiba kijijini. Leseni inayofanya kazi ni ile inayomtazama mtu usoni. Shikilia hilo, tutalihitaji huko chini.

"Masaka 2021 wazee walikatwa kwa panga usiku, hakuna bunduki hapo. Muuaji akikosa bunduki si atatafuta kitu kingine?" Mwalimu, Arua

Mwalimu hilo swali lako ni zuri na linauma, zaidi ya watu 20 walikufa Masaka na Lwengo ndani ya wiki chache, wengi wao wazee waliokuwa wamelala majumbani mwao. Sibishi. Lakini panga linataka mkono ufike. Panga unaweza kulikimbia, unaweza kupiga kelele jirani akatoka, ukikatwa mkono unaweza kufikishwa hospitali. Risasi haikupi hiyo nafasi, na anayepiga hahitaji hata kuwa na nguvu wala moyo mgumu, kidole kinatosha.

Na kule Connecticut walilitazama hilohilo: je wale waliokosa bastola walihamia kwenye visu? Mauaji ya njia nyingine hayakubadilika. Kwa hiyo wapo watakaotafuta kitu kingine, ndiyo, lakini si wote, na wale wasiotafuta ndio hao tunaowaokoa.

"Mimi nina duka Kikuubo, natembea na pesa. Nataka bastola yangu halali. Wewe unanishauri nini?" Mfanyabiashara, Kampala

Sheria yetu ya silaha hapa Uganda ni ya 1970, ya zamani kuliko wengi wanaosoma hapa, lakini kwenye karatasi si legevu hata kidogo: uwe umefika miaka 25, akili timamu, usiwe mlevi, na kibali chako si cha kudumu kama kitambulisho, unakifanya upya. Utaanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, anayekujua, utapanda kwa watu wa usalama wa wilaya mpaka ofisi ya mkuu wa polisi. Watakuuliza maswali. Vumilia, ndio kazi yake.

Ushauri wangu mimi? Usinunue. Kumbuka Kaweesi, afisa mkubwa wa polisi aliyeuawa kwa risasi Machi 2017 pale Kulambiro, kumbuka mbunge Abiriga aliyeuawa vilevile Juni 2018, kumbuka Jenerali Katumba Wamala aliyeshambuliwa Juni 2021 pale Kisaasi ambapo yeye alipona lakini binti yake na dereva wakafa. Wote hao hawakukosa bunduki karibu. Wanaokuja na pikipiki wamekwisha kupanga, wewe unashtuka, na aliyepanga daima yuko mbele ya aliyeshtuka hata kama mkoba wako una bastola tatu. Halafu mwizi akijua unayo, anakuja kuitafuta hiyo yenyewe, pesa zako anaona ni nyongeza tu. Peleka pesa benki mchana mzee wangu, badilisha njia, badilisha saa, na watoto wa dukani wasijue unatoka lini.

"Kila bunduki ikiua mnatusema sisi askari wa geti. Tunalipwa kidogo, tunalala njaa, na bado mnasema sisi ndio hatari." Askari wa usiku, Ntinda

Ndugu yangu, wewe nimekuwekea kiti katikati kabisa ya hii safu maana swali lako ndilo lilinifanya niandike.

Ngoja nikusimulie. Karibu na ninapokaa kuna sapamaketi ndogo, siitaji jina, na kampuni ya ulinzi pia siitaji. Jioni saa kumi na mbili askari wa mchana anampa mwenzake wa usiku ile bunduki kuukuu ambayo mkanda wake ulishakatika ukafungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kuna kaunta buku imekunjamana, wanaandika namba ya bunduki, idadi ya risasi na sahihi. Vizuri. Siku moja mwezi wa Ramadhani nimesimama pale nangoja rolex yangu, ile chapati ya kukunja na mayai, askari wa usiku tumbo linamsumbua, akamgeukia kijana wa rolex akamwambia "shika hii kidogo, nakuja." Yule kijana akaifuta mikono ya unga kwenye aproni, akaiweka bunduki mapajani, akaendelea kupiga mayai. Dakika kumi hivi. Hakuna aliyeshangaa, hata mimi nilishangaa nilipofika nyumbani.

Sasa niambie, leseni ya kampuni ile ilikuwa halali? Ilikuwa halali. Bunduki ina namba? Inayo. Kitabu kimesainiwa? Kimesainiwa. Na bado ilikuwa mapajani mwa mtu ambaye hakuna aliyemtazama usoni. Hapo ndipo sheria yetu inaishia: inaanza kwa mwenye kampuni ofisini, inashuka mpaka stoo ya silaha, halafu inachoka kabla haijafika kwenye mkono wa saa nane usiku.

Na si nyinyi wa geti tu. Mei 2023, mwezi ule mmoja, waziri Charles Engola alipigwa risasi na mlinzi wake mwenyewe, mwanajeshi, nyumbani kwake Kyanja tarehe 2. Siku kumi baadaye, tarehe 12, katikati ya mji karibu kabisa na Bunge, konstebo wa polisi akamuua mkopeshaji pesa kwa ugomvi wa deni. Na polisi wenyewe walisema yule konstebo alishazuiwa kushika silaha kwa sababu ya afya ya akili, aliyotumia alichukua ya mwenzake waliyekuwa wanakaa chumba kimoja. Soma tena hapo. Mfumo ulimtazama usoni, ukasema wewe hapana, ukafanya kazi yake sawasawa kabisa, halafu bunduki ya mwenzake ikalala chumba kimoja na yeye.

Kuna kitu Israeli walifanya ambacho huku kwetu sijasikia mtu anakizungumza. Askari vijana walikuwa wanaenda nyumbani wikendi na bunduki zao, na wengi waliojiua walijiua kwa hizo. Mwaka 2006 wakaamuru: wikendi bunduki inabaki kambini. Basi. Hakuna aliyeongezewa mshahara wala hotuba, na kujiua kukapungua kama asilimia 40, na upungufu wenyewe ulikuwa hasa siku za wikendi, siku za katikati ya wiki hapakubadilika kitu. Kwa hiyo hawakuhamisha siku ya kufa, walibaki hai.

Ndio maana sikusemi wewe, namsema aliyekupa bunduki bila kukuuliza umekula. Hilo la mshahara na njaa wewe unaliona ni lalamiko la pembeni, mimi nasema ndilo lenyewe. Mtu ambaye hajalipwa miezi mitatu, amegombana na bosi, mtoto amefukuzwa shule, huyo leo jioni asipewe chuma, apewe firimbi na tochi, na kesho aulizwe tena. Ukiniuliza mageuzi ya sheria ni hayo: maswali ya leseni yaulizwe kila zamu.

"Sheria ni ya sisi raia. Huku nyuma wenye magwanda wenyewe ndio wanauza na kukodisha. Hata zile alama za bunduki alizosema Museveni zimefika wapi?" Dereva wa lori, Malaba

Dereva, umepita barabara nyingi, wewe unajua. Afrika Kusini ndiyo shule ya hili jambo. Walipitisha sheria mpya ya silaha mwaka 2000, ikaanza kufanya kazi kamili 2004: mtihani, uchunguzi, kufanya upya. Watafiti waliochunguza miji mikubwa mitano kati ya 2001 na 2005 waliona mauaji ya bunduki yanashuka mwaka hadi mwaka, wakakadiria watu zaidi ya 4,500 waliponea hapo. Halafu akaja kanali mmoja wa polisi, Chris Prinsloo, akachukua bunduki kama 2,000 zilizokuwa zikisubiri kuharibiwa, akaziuza, zikafika kwa magenge ya Cape Town. Alihukumiwa miaka 18 mwaka 2016, na wapelelezi walishaunganisha hizo bunduki na mauaji zaidi ya 1,000. Kalamu ya bunge iliyookoa maelfu, ufunguo wa stoo ukaanza kuzirudisha hizo roho kaburini.

Kwa hiyo usiniambie sheria haifanyi kazi, ilifanya, na ndiyo sababu bunduki ya stoo ilipata bei. Mlango wa mbele ukiwa wazi nani atahonga wa nyuma?

Kuhusu alama: baada ya kifo cha Abiriga, Juni 2018 rais alienda Bungeni na orodha ya hatua za usalama, moja ni kila bunduki nchini ichukuliwe alama zake, yaani ipigwe risasi ya majaribio na mikwaruzo yake ihifadhiwe, ili ganda likiokotwa barabarani lijulikane limetoka wapi. Ni kitu kizuri, sikidharau, kinasaidia wapelelezi kujua bunduki ya nani. Lakini kinaongea baada ya maiti. Na bunduki iliyovuka mpaka usiku kutoka Sudan Kusini haijawahi kupigiwa risasi ya majaribio na mtu yeyote.

"Huku kwetu hakuna aliyewahi kuona hiyo karatasi yenu ya leseni. Serikali ikichukua bunduki zetu, ng'ombe nani atawalinda?" Kijana, Kotido

Ndugu, hapa nitasema polepole maana mimi si mchungaji na sijawahi kuamshwa na milio.

Bunduki za kwenu Karamoja zina historia na wengi wa Kampala hawaijui, wanadhani Mkaramojong alizaliwa nayo. Mwaka 1979 Amin alipoanguka, askari wakakimbia kambi ya Moroto, stoo ikabaki bila mwenyewe, watu wakabeba. Leo mnaambiwa nyinyi ndio tatizo, ilhali chanzo kimoja kikubwa ni stoo ya serikali iliyoachwa wazi, ni hadithi ileile ya dereva wa Malaba.

Na mwisho wa 2001 mlipoambiwa rudisheni kwa hiari, watu walirudisha, kama bunduki 10,000 hivi, wakapewa plau na mabati. Halafu wanajeshi na walinzi wa mpaka wakahamishiwa kaskazini kupigana na waasi wa Kony, na majirani wakaja kuchukua ng'ombe wa waliotii. Nani angerudisha mara ya pili? Ndio ikaja ya nguvu 2006, kuzingira manyata alfajiri, na yaliyofanyika kule mengine yana aibu. Bado, lazima niseme ukweli wote: kufika kama 2010 kulikuwa na utulivu ambao mama zenu hawakuwahi kuuona, barabara ya Moroto ikapitika, masoko yakafunguka. Wizi ukarudi 2019, na Julai 2021 jeshi likaanzisha operesheni nyingine wakaipa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote.

Hilo jina ndilo jibu langu kwako, hasa hilo neno la mwisho. Ng'ambo ya mpaka upande wa Turkana kuna polisi wa akiba waliopewa bunduki na serikali ya Kenya kulinda vijiji vyao, halali kabisa. Ukimnyang'anya mmoja na kumwachia jirani yake, hujapunguza vifo, umechagua nani afe. Leseni Connecticut ilifanya kazi kwa sababu ukiibiwa unaita polisi na wanakuja. Wewe ukiibiwa unaita nani? Kwa hiyo kwenu kwanza waje walinzi wanaolala pale ng'ombe wanapolala, halafu bunduki zichukuliwe pande zote mbili wiki moja, halafu ndio tuzungumze karatasi. Ukinishika hapo kwamba basi nimekupa ruhusa ya kubaki nayo, hapana sijakupa, anayekufa mara nyingi kwa hiyo bunduki ni kijana wa umri wako, na unajua majina yao kuliko mimi.

Nilisema sita, lakini kuna moja lilikuja usiku wa jana nikashindwa kulala nalo.

"Mume wangu alistaafu jeshi. Ana bastola yenye kibali, anaiweka chini ya godoro. Tangu dada yake afe hazungumzi, hali, anakaa gizani. Naogopa kuipeleka polisi, atasema nimemwaibisha." Mama, Bombo

Mama, shikamoo. Hiyo hofu yako isikilize, usiinyamazishe.

Watu wakisikia vifo vya bunduki wanawaza majambazi wa pikipiki. Marekani mwaka 2021 walikufa watu 48,830 kwa bunduki na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe, 26,328. Saa mbaya huja ikapita, mara nyingi hupita haraka, na wengi walioponea hapo hawarudii tena. Lakini bunduki ikiwa karibu hiyo saa haipati nafasi ya kupita.

Usimfiche, na usiichukue peke yako gizani. Tafuta rafiki yake wa zamani kambini, yule anayemwita kwa jina la utani, aje anywe naye chai, amwambie kijeshi: afande, hii tuipeleke ipumzike mpaka utakapokuwa sawa. Wazee wa jeshi wanaelewa lugha ya kukabidhi silaha, kwao si aibu, ni utaratibu, walifanya kila asubuhi kwa miaka mingi. Waende wote wawili kituoni, kibali mkononi, wamwone OC, yaani mkuu wa kituo, wakabidhi bastola na risasi, na mchukue karatasi yenye namba na tarehe. Usimpe shemeji akuwekee nyumbani, hata kwa siku moja, kibali si chake.

Halafu mzee apelekwe hospitali, akikubali Butabika, hospitali ya afya ya akili, vizuri, akikataa anza na daktari yeyote anayemwamini. Na leo usiku usimwache alale peke yake kile chumba, mwombe mwanao mkubwa arudi nyumbani. Nimekutumia namba yangu, piga hata saa tisa.